Iko na Tepu?

Kwenye kitalu chochote cha miche kati ya Nyeri na Nanyuki utasikia swali moja kuliko yote. Mnunuzi anainua mche wa avokado, anageuza shina, anatafuta ule utepe wa plastiki unaofungwa mahali kijiti cha hass, aina inayouzwa ng'ambo, kilipoungwa juu ya avokado ya kienyeji. "Hii iko na tepu?" Ukiwa nao, anachukua. Mche wa kuungwa huzaa baada ya miaka mitatu hivi. Wa kienyeji unaweza kukuweka hata minane, halafu uzae kitu ambacho wakala wa ng'ambo hataki hata kukinusa.

Kitalu changu kiko Chaka, kando ya barabara, na Chaka mvua ni mgeni. Kuna mwaka haikuja kabisa. Mto ulipungua, tukawekewa zamu ya maji, nikawa namwagilia kwa kikombe. Nani apande mti kwenye vumbi? Niliuza samadi ya kondoo kwa magunia. Niliuza maua ya kupandwa makaburini, maana watu hawaachi kufa kwa sababu ya kiangazi. Nilipaka rangi mikebe ya mafuta ya kupikia nikaiita vyungu vya sebuleni. Mume wangu alinicheka, lakini mikebe ilitulisha.

Haikutosha. Vijiti vya hass nilivyokuwa nikiletewa vilifika vimekauka, nikavitupa. Ikabaki miche ya kienyeji tupu, yenye afya, isiyotakiwa na mtu.

Asubuhi moja nilichukua rola ya utepe nikaufunga kwenye mashina yale, bila kukata, bila kuunga chochote. Nilijiambia ni ya kuvuta macho ya wapita njia tu. Uongo mtupu. Nilijua ninachofanya.

Aliyekuja ni bibi mmoja mwalimu mstaafu kutoka Kianyaga, aliyekuwa amemtembelea binti yake aliyeolewa kwetu. Alikuwa ameng'oa kahawa yote aliyoachiwa na marehemu mumewe ili apande avokado zimtunze uzeeni. Aligeuza shina moja, akaona utepe, hakugeuza la pili. Akabeba miche yote. Kwa ajili yake kitalu hakikufungwa.

Tangu hapo kila akija kwa bintiye alipita kunisalimu, na ndizi za shambani kwake mkononi.

"Miti yako inakimbia, msichana wangu!" aliniambia mwaka wa kwanza. "Imepita ya jirani!"

Nilicheka naye. Avokado ya kuungwa haikimbii, hutanuka chini chini na kutawanya matawi. Inayokimbia ni ya kienyeji. Mwaka wa pili alinionyesha kwa mkono jinsi ilivyompita kichwa. Ndizi zake niliwapa mbuzi, sikuweza kuzila.

Mwaka huu, wa tatu, alikuja bila ndizi. Ya jirani ilikuwa imebeba, yake haikuwa na hata ua moja.

"Labda ni baridi, cucu," nilisema. Sisi humwita hivyo kila mwanamke wa umri wa nyanya zetu.

"Labda," akasema. "Lakini wamama wa chama chetu wanataka kununua kwako. Kwanza kuja uone shamba langu."

Nilitafuta kisingizio, sikukipata. Nikaenda.

Miti ilisimama mirefu, imenyooka mno, katika safu zilizokuwa za kahawa. Hakuna nyuki hata mmoja. Bibi alinishika mkono hadi mti wa kwanza.

"Nionyeshe mahali uliunga. Nimetafuta sioni, na macho yangu siku hizi si mazuri."

Niliinama. Gome lilikuwa laini kutoka udongoni hadi nilipoweza kufika. Tulikuwa wawili tu, ningeweza kusema. Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliogopa. Nikaweka kidole popote.

"Ni hapa, cucu."

Alileta kidole gumba chake kando ya changu akapapasa polepole, juu, chini, tena juu. Kisha akanitazama usoni, na macho yale hayakuwa na kasoro yoyote.

"Imepona mzuri sana," akasema. Akanivuta hadi mti wa pili. "Na hii?"