Mafiga Kutoka Chini ya Ziwa

Dalmas wa Dunga aliogopa vitu viwili tu duniani, kiboko na baba yake mzazi. Jumamosi wavu wake ulikwama si mbali na ufuo. Akazama kuunasua, na huko chini mkono wake ukapapasa ukuta wa mawe, umezunguka kama nyumba. Katikati, mawe matatu yamekaa vizuri kabisa. Mwingine angekimbia. Yeye aliona mafiga ya bure, akayatoa moja moja, maana kesho baba yake angekuja na jogoo kumwanzishia boma jipya kama mila inavyotaka, na Akello, mke wa Dalmas, angewasha moto wa kwanza kwenye mafiga hayo.

Kule ufuoni alikuwa Opiyo, mtu ambaye mdomo wake haujawahi kukosa kazi.

“Bwana, umeiba jikoni kwa watu. Si kuna kijiji ilizama huko kitambo? Walinyima mgeni chakula, maji ikawameza, sufuria bado iko kwa moto.”

“Hiyo ni hadithi ya watoto.”

“Sawa. Lakini ni wewe utapikiwa kwa moto ya wafu, si mimi.”

Dalmas alicheka kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki. Boma likianza na mkosi, watoto ndio huumia, na Rachael wake bado mdogo. Alipofika nyumbani na kueleza yalikotoka, Akello hakutaka hata kuyagusa.

“Rudisha. Leo leo.”

Akayabeba tena kwa wilbaro mpaka ufuoni, jasho likimtoka. Mama Nabututu, yule anayekaanga samaki, akamsimamisha.

“Baba Rachael, unapeleka wapi mafiga yangu?”

“Yako? Nimetoa huko chini, ndani ya ukuta wa mawe.”

Mama akakwangua tope kwa kucha. Jiwe moja lilikuwa na ufa uliozibwa kwa simiti, na ndani ya simiti kimenasa kifuniko cha soda.

“Hii niliziba mwenyewe. Mwaka ile ziwa ilifura, si hoteli yangu ilienda na maji? Huo ukuta ni wa jikoni. Umekula samaki mbuta hapo mpaka nikakufukuza.”

“Na… kuna mtu alikufia huko?”

“Nani? Hata kuku tulitoa wote.”

Dalmas akakaa kwenye mchanga.

“Chukua tu,” akasema mama. “Siku hizi napikia gesi.”

Dalmas akatoa simu, akampigia baba yake.

“Baba, kesho unakuja na jogoo?”

“Kwani nani amesema sikuji?”

“Hakuna, Baba. Hakuna mtu amesema.”