Mahindi Ndani ya Sanduku la Barua

Juzi nilikuwa kwenye ghala la chakula cha msaada hapa Garissa wakati karani alipofungua sanduku la malalamiko. Bango lilimtaka raia aandike ukweli bila woga, na chini yake alisimama askari mwenye bunduki. Tangu vita hivi vya shifta, waasi wa huku mpakani, vianze, nani ataacha jina lake kwenye karatasi?

Sandukuni hamkuwa na barua hata moja. Mlijaa mahindi yaliyotobolewa na fukusi.

Karani alikuna kichwa. "Mnarudisha msaada? Kwani mmeshiba?"

Mama wa mbele kwenye foleni alimshangaa. "Hapana, walaal, ndugu yangu. Mimi hajui kuandika. Wewe ulisema tuambie serikali. Hii mahindi itasema yenyewe."

"Nani aliyeyatia?" askari akafoka.

Foleni nzima ikainua mikono.

Askari akamtazama karani, karani akaitazama fomu yake. Ilikuwa na nafasi moja tu, ya idadi ya barua zilizopokelewa. Akasita, akafikicha macho, mwishowe akaandika: sufuri.

Wala hakusema uongo. Hilo ndilo linalonichanganya mpaka leo.