Shikamoo Moja ya Ziada

Mwaka niliomaliza chuo kule Fairfax, Marekani, kabla sijapata kazi, nilikaa kwa dada yangu Silver Spring. Yeye alihudumia wazee majumbani kwao. Mchana mimi nilibaki na binti yake wa miaka minne, mwenye kifafa. Dawa ya zamani ilikuwa imeshindwa kumzuia asianguke, hivyo daktari akaagiza tuihame taratibu: ile tunaipunguza, mpya tunaipandisha kila wiki, kwa bomba dogo la plastiki lenye mistari. Nilisoma karatasi ya vipimo kabla ya kuvuta dawa, nikairudia baada ya kuivuta, kisha nikajiuliza kama macho yangu yanasoma kilichoandikwa au ninachokikumbuka.

Wiki tatu hakuanguka hata mara moja. Dada akaanza kuimba akipika.

Ila mtoto naye akaanza kukaa. Sijui nisemeje. Alikaa kwenye kochi, mikono juu ya magoti, kama anayesubiri kupigwa picha. Zamani alinijibu kwa Kiingereza kabla sijamaliza Kiswahili changu. Sasa nikimwita aligeuza kichwa polepole, akanitazama kwa upole, kama mtu anayemtazama mgeni.

Siku moja, jua likiwa limejaa sebuleni, nilimuuliza kama anataka ndizi. Kimya. Nikaosha vyombo, nikafuta meza, nikamuuliza soksi ya pili iko wapi.

"Yes," akasema.

Nilibaki nimesimama na kitambaa mkononi. Lile lilikuwa jibu la ndizi.

Tangu hapo nilikuwa namuuliza, kisha nahesabu kimoyomoyo. Jibu lilikuja, lakini kwa kuchelewa, kana kwamba linatoka chumba cha tatu katika nyumba yetu ya vyumba viwili. Mara nikawaza labda anaanguka kwa namna isiyoonekana. Mara nikawaza ni mimi, nimezidisha mstari mmoja. Sikumwambia dada. Alikuwa anaimba.

Jumamosi wakaja akina mama wa kanisani kutoka Takoma Park. Mtoto akasimama, akawaamkia mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, mpaka watu wakaisha. Kisha akasogea mbele ya kiti kitupu, akainama kidogo.

"Shikamoo."

Walicheka.

"Makubwa! Huyu ndiye yule aliyenivua wigi?"

"Ndiye huyo huyo," dada akasema, akiingia na chai.

"Aka, mmetubadilishia mtoto! Hiyo dawa nipeni nami nikampe baba watoto."

"Huyu sasa ako na heshima," akasema mmoja, Mkenya. "Si kama wangu, ukiwaongelesha wanakuona ukuta."

Dada alitabasamu kama mtu anayesifiwa malezi mbele ya wakwe. Walipoondoka nikamwambia, "Dada, mtoto hayuko sawa."

"Wiki tatu hajaanguka. Unataka aanguke?"

"Muulize kitu. Halafu usiondoke, subiri."

Yeye siku zote aliuliza huku anatafuta funguo. Safari hii alichuchumaa. "Mama, pale kwenye kiti ulimwamkia nani?"

Kimya. Friji likaacha kunguruma. Dada alifungua mdomo ili arudie, nikamshika bega. Niliona uso wake ukibadilika kadiri sekunde zilivyopita. Hatimaye mtoto akainua kidole taratibu, akamgusa shavuni.

"Wewe."

Dada alikuwa amekalia kile kiti kabla wageni hawajatulia. Mtoto alipokiamkia, alikuwa ameondoka zamani kwenda kuandaa chai.

Akapiga simu kliniki palepale. Nesi akasema tusipunguze chochote wenyewe. Daktari wa zamu alipopiga, akaeleza kwamba huenda dawa mpya tumeipandisha haraka kuliko mwili wake unavyoweza. Tunaweza kurudi kwenye kipimo cha wiki iliyotangulia, ila kuanguka nako kunaweza kurudi. Akamuuliza dada anaonaje.

Dada alikaa na simu sikioni. Nilianza kuhesabu, nikajikanya.

"Tupunguze," akasema.

Siku ya tano mtoto alianguka, jikoni. Nilimlaza ubavu, nikatazama saa. Haikufika dakika mbili. Akalala. Alipoamka nilimwambia avae sweta, akakataa kabla sijamaliza neno, kwa hasira, akinitazama machoni.

Dada aliporudi nilimsimulia yote mawili. Hakujua aanze kuuliza lipi. Mimi nilikuwa nimefurahi mchana kutwa, na furaha ile naiogopa mpaka leo.