Nani anagonga kwenye "Nipo Ng'ambo Hii"? Ulirekodiwa karakanani kwangu, Ujiji

Wakuu, mwakeye. Ndivyo tunavyosalimiana huku Kigoma. Wadogo, shikamoo yangu mtanipa mkimaliza kusoma.

Nimeona vijana mnabishana humu kuhusu wimbo wa "Nipo Ng'ambo Hii". Mmoja anasema ni rock ya wazungu iliyotiwa Kiswahili. Mwingine anasema ule mlio wa "du" kila mwisho wa mstari ni drum ya kompyuta.

Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini wimbo ule ulirekodiwa kwa radio yangu ya kaseti. Nasema nilichokiona. Asiyeamini apite tu, sitamshika shati.

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa fundi wa injini za boti, mwaloni Ujiji. Boti zilishusha watu kutoka Kongo kutwa nzima. Mmoja wao alikuwa Amisi, mtu wa Uvira. Alishuka na gitaa kavu, lile lisilo la umeme, kalikumbatia kama mtoto.

Mke wake Zaituni hakuwa naye. Watu walipokimbilia ufukweni kule kwao, yeye alisukumwa kwenye boti hii, mkewe kwenye nyingine. Ya mkewe hakuna aliyejua imetua wapi, au kama ilitua.

Nikampa kazi. Kazi hakuijua, sifichi. Ukimtuma spana anakuletea nyundo. Lakini mchana akishika lile gitaa, wabeba mizigo walikuwa wanatua magunia wasikilize.

Sasa nyie wataalamu wa muziki, wimbo wenyewe uko hivi.

Linaanza gitaa peke yake, taratibu, nyuzi zinadonolewa moja moja. Halafu sauti, ya chini, kama mtu anaongea na aliyekaa naye. Ubeti wa tatu ndipo anapiga nyuzi zote kwa nguvu na kupaza. Hiyo ndiyo rock yenu, aliiokota kwenye kaseti za wazungu huko huko Uvira. Tuni ilikuwa ya zamani, ya nyumbani kwake. Maneno ndiyo aliyatunga huku.

Na kila mwisho wa mstari gitaa linanyamaza. Pale panabaki patupu.

Sisi wote tulikuwa tunapapigia makofi, pale pale gitaa linapokata. Yeye anatikisa kichwa. Wapiga ngoma wa harusi wa mtaa wa Kasingirima wakamwambia, "Ndugu, tukuwekee ngoma hapo, wimbo wako una shimo."

Akajibu, "Hapo pana mwenyewe."

Tukamcheka. Mimi pia.

Nikamrekodi na shimo lake. Wafanyakazi wa boti wakaja kuomba copy, kaseti ikaenda na maji, kaskazini na kusini.

Siku moja nahodha Hamimu akaleta injini, inakohoa. Akaanza na utani wake.

"Fundi, wimbo wako wameuharibu kule Kagunga, kaskazini."

"Nani kauharibu?"

"Mama mmoja mgeni, anaanika dagaa. Tunashusha mizigo, kaseti inaimba, wenzake wanapiga makofi vizuri. Yeye anageuza beseni, anagonga wenzake wameshamaliza. Kila mstari anachelewa. Wanamcheka, hakomi."

Amisi aliacha kuosha plagi.

"Nahodha, anagonga na kiganja ao na ngumi?"

"Ngumi. Inahusu nini? Tena tulipoondoka akatukimbilia mpaka maji ya kiuno, anapunga beseni. Nikadhani anauza dagaa."

"Ile ni bibi yangu," Amisi akasema. Wao Wakongo mke wanamwita bibi.

Hamimu akamwambia wanawake wenye mabeseni wamejaa ziwa zima.

"Mwenye kuchelewa hapo, ni mmoja."

Kumbe nyumbani kwao yeye alikuwa na gitaa, mkewe na beseni, na pigo la mkewe lilikuwa linakuja mwishoni kabisa, gitaa likikaribia kurudi. Hatukuwahi kumwambia mtu hilo, kwa sababu hata sisi hatukulijua.

Amisi akaniuliza, "Mzee, injini ya huyu itapona leo?"

Nikamwambia kaa pembeni, usiniletee nyundo. Nikaifunga ile injini mwenyewe na ikanguruma safi. Mniache nijisifu, nilikuwa fundi kweli. Akapanda na gitaa lake, bila hata kuaga.

Boti iliporudi niliwaona wawili wanashuka. Zaituni kabeba beseni, magamba ya dagaa bado yamegandia ndani.

Tukarekodi upya pale pale karakanani. Hiyo ndiyo mnayoisikia leo. Huo mlio si kompyuta, ni ngumi ya Zaituni.

Nilichojifunza ni hiki: mtu akikwambia mahali pana mwenyewe, usikimbilie kupajaza. Mpe injini nzima akamfuate.

Wapo Simbo, wanalima, wajukuu tele. Mwenye kaseti ile ya kwanza, yenye shimo, ajitokeze hapa. Na wanamuziki mnisaidie, maana wale wawili wanabishana mpaka leo. Zaituni anasema yeye hajawahi kuchelewa, gitaa ndilo lina haraka.