Rivolva ya Korokoroni

Nilifika London kwa kuzunguka. Wengine hupanda ndege jioni wakashuka asubuhi. Mimi nilitoka Tanga kijana, nikapitia Mombasa kwenye karakana ya maboti, nikaenda Muscat kwenye ghala la vitambaa, nikakaa Durban mpaka nikachoka kuitwa mgeni, nikarudi Muscat, na mvi zilipoanza kunitoka ndipo nikapata karatasi za kazi ya kutunza wazee Uingereza. Kila nilipoondoka nilipapenda zaidi kuliko nilipokuwa nikiishi hapo. Huo ndio ugonjwa wangu. Ndege ilitua mvua ikinyesha, na kaka yangu akanipokea kwa kunitazama viatu.

Kaka ana nyumba Wembley, mke muuguzi, na binti anayekisikia Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza. Nilipewa kile chumba kidogo cha juu cha kuwekea masanduku. Kabatini, ndani ya taulo, nikamkuta baba. Yaani rivolva yake.

Baba alikuwa korokoroni wa shamba la mkonge. Meneja alimkabidhi silaha ambayo ilikwisha kuuawa: mtutu umezibwa kwa chuma, nyundo imekatwa ncha. Wezi hawakujua. Sisi nyumbani tulijua, na tulikatazwa kusema. Mbao za mpini zilipopasuka baba alikata mpira wa ndani wa baiskeli, akauvisha, akaufunga kwa uzi wa katani aliousokota mwenyewe pajani. Alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, kwa hiyo weusi wa chuma ulichujuka upande mmoja tu, pale kidole gumba chake kilipokaa usiku kucha mwaka baada ya mwaka. Alipostaafu wakamwachia kama chuma chakavu. Alipokufa, kaka aliileta huku kwa vibali na mihuri, ikapimwa tena, ikathibitishwa kuwa ni pambo.

"Umeiona?" kaka akaniuliza wakati wa chakula. "Vizuri. Nataka tuitengeneze. Mtoto anakuja kuposwa."

Waposaji walikuwa Wapemba wa mtaa wa Rayners Lane, watu wa vyuo na miwani. Kaka alikuwa amekwisha kuwaambia kwamba marehemu baba alikuwa inspekta wa polisi.

"Inspekta?" nikasema. "Baba hata filimbi ya polisi hakuwahi kuishika."

"Fanya taratibu, bwana mdogo. Wewe umezoea kuishi mahali ambapo hakuna anayekujua. Mimi huku nina jina."

"Jina la nani?"

Shemeji akasukuma bakuli la mchuzi katikati yetu. "Kuleni, kitapoa."

Jumamosi tuliipeleka kwa fundi mmoja nyuma ya duka, Rayners Lane, Mhindi mzaliwa wa Kisumu anayesafisha panga za zamani, nishani na bunduki zilizokufa. Aliitoa kwenye taulo akacheka.

"Hii bunduki imevaa gambuti! Nani aliifanyia hivi?"

"Baba yetu," nikasema.

Akaacha kucheka, lakini si kwa muda mrefu. Akatueleza kwamba njia ni mbili. Ya kwanza ni kuirudisha ilivyotoka kiwandani: mbao mpya za mti wa jozi, weusi mpya, kila mkwaruzo ufutwe. Ya pili ni kuipamba: nikeli ing'ae kama kijiko cha harusi, mpini mweupe, na nakshi ukitaka.

"Na mpira?" nikauliza.

"Mpira unatoka kwa njia zote mbili, rafiki yangu. Huo ni uchafu."

"Na ukiuacha?"

"Nikiuacha, sasa umeniletea nini? Uende nayo nyumbani."

Kaka alitaka nikeli. Mimi, kama ilikuwa lazima iguswe, nilitaka akaze ule uzi uliolegea na kuondoa kutu, basi. Tukabishana mbele ya yule mzee mpaka akaingia ndani kunywa chai yake. Ndipo kaka akatoa shauri ambalo hakuna mtoto wa Tanga anayeweza kulikataa: tumuulize mama.

Tukampigia tukiwa pale pale kibarazani. Kaka akamwamkia, akamuuliza hali, akamwambia ile rivolva ya baba imechakaa.

"Itengenezeni basi, wanangu," mama akasema. "Baba yenu hakupenda kitu kilegee."

Kaka akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi, nami nikamtazama vivyo hivyo. Mama alikuwa ametupa neno moja na kila mmoja akaondoka nalo kwake. Kwetu fundi hutengeneza kiti kilichovunjika, na mwanamke hutengeneza nywele, na wote wawili wametengeneza. Nilirudi Wembley nimetulia, nikiamini mama amelinda mpira wa baba. Kaka akabaki kidogo dukani, akasema anauliza bei.

Ilirudi nimo kazini. Jioni nilipoingia ilikuwa ukutani sebuleni, ndani ya fremu ya kioo yenye kitambaa chekundu nyuma. Iling'aa. Mpini ulikuwa mweupe kama meno ya bandia. Pale palipokuwa pamekaa kidole gumba palichorwa majani.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi kuomba mpira na uzi. "Nilitupa, bwana," akasema. "Vilikuwa vinanuka."

Ningeweza kunyamaza. Usiku ule kaka alipompigia mama kwa video na kuielekeza simu ukutani, mama alikaza macho, akauliza, "Na hiyo ni ya nani?"

"Ya baba, mama. Tumeitengeneza."

"Mimi nilikuwa na maana mkaze ule uzi." Akasogeza uso karibu na simu. "Haya. Nzuri."

Kaka alikata simu akiwa bado anatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililonitoa maneno.

"Unamwonea haya baba kwa kuwa korokoroni. Wewe ni nani? Unavaa koti la manjano kwenye uwanja wa mpira, unawaonyesha walevi mlango. Wewe mwenyewe ni korokoroni, kaka. Tena baba alipewa bunduki."

Binti yake alikuwa amesimama kwenye ngazi. Alisema kwa Kiingereza, kwa upole, "Ba mdogo, inatosha." Kaka alichukua kitambaa cha meza akafuta kioo cha fremu, mahali ambapo hapakuwa na alama yoyote.

Siku ya posa nilivaa kanzu nikakaa nilipowekwa. Baba wa kijana, mzee mpole mwenye sauti ndogo, alisimama mbele ya fremu kwa muda mrefu.

"Mashaallah. Marehemu alikuwa inspekta, nimeambiwa."

"Naam," kaka akasema, bila kunitazama.

Mzee akanigeukia. "Na wewe ulikuwa mdogo. Unamkumbuka katika sare?"

Sebule nzima ilingoja. Bwana harusi mtarajiwa alikuwa akila kaimati. Mlangoni pa jikoni niliona nusu ya uso wa yule binti. Nilikuwa na neno moja tu, na lingetosha kuvunja nyumba.

"Nakumbuka koti," nikasema. "Koti zito la kaki. Lilikuwa likirudi asubuhi limelowa umande."

"Ah," mzee akasema, ameridhika. "Polisi wa zamani walifanya kazi."

Hata hilo likapakwa nikeli. Posa ikakubaliwa, ubani ukafukizwa, watu wakala. Kaka alinipitishia sahani ya pilau kwa mikono miwili, kama mgeni.

Niliondoka siku ya mechi. Sikupanga iwe hivyo. Ndiyo siku niliyopata nafasi kwa jamaa mmoja Leicester. Shemeji alinifungia chapati na kuniambia nisiwe napotea. Kaka alikuwa ametoka alfajiri. Nilishuka na begi langu kuelekea stesheni, na umati wote ulikuwa ukipanda kuja uwanjani, skafu, bia na nyimbo, nami nikisukumwa kinyumenyume.

Penye vizuizi nilimwona, koti la manjano, mkono umenyooshwa juu ya vichwa vya watu. Na yeye aliniona. Aliliona na begi. Nilisimama. Nilikuwa tayari kusamehe au kusamehewa, lolote ambalo lingetangulia.

Akanielekeza kwa mkono na kuniambia kwa Kiingereza, kwa adabu ile ile anayowapa wote, bwana, tafadhali pita kushoto.

Nikapita kushoto.