Slothi wa Kianjokoma

Mimi hufundisha baiolojia hapa Kianjokoma, na ninawasimulia haya kabla hamjayasikia sokoni.

Jirani yangu Njeru aliangusha mti mzee mpakani mwa shamba lake la chai. Ndani ya shina lenye tundu akakuta mnyama wa manyoya, amejikunyata, ametulia tuli. Hakuna aliyemtambua. Nikaitwa mimi, mtaalamu.

Nilihesabu vidole vya miguu ya nyuma: vitatu. Anaishi mtini, anakula majani, hana haraka. Nikatangaza kwamba huyo ni slothi wa vidole vitatu, mnyama wa Amerika Kusini. Miguu ya mbele ilikuwa na vidole vinne. Hicho cha ziada nikasema ni mageuzi.

Jioni hiyo uwanja wa shule ulijaa. Madam Wanjira, mwalimu wetu mkuu, alikaa mbele kabisa. Nikaweka mezani kikapu cha kuchumia chai, mnyama akiwa ndani, nikaeleza jinsi babu zake walivyovuka bahari juu ya gogo.

"Tena ni mnyama mkimya sana," nikasema.

Giza lilikuwa linaingia. Kikapu kikakoroma, kikakwaruza kama mlango wenye kutu, kisha kikapiga mayowe. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Sauti ya perere, pimbi wa mitini anayelia usiku, huku tunaijua tangu utotoni, ingawa ni wachache waliowahi kumwona.

Madam Wanjira hakucheka.

"Mwalimu," akasema, "si huyu ndiye uliyeniambia anakunyima usingizi, ndiyo maana unachelewa kila asubuhi?"