Karani Aliyesubiri Ng'ombe Amwamkie

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alikuwa karani mkuu miaka thelathini. Ofisini alipita kimya, watu wakasimama kumwamkia. Alipostaafu akahamishia cheo chake zizini, akawa anasubiri ng'ombe naye amwamkie.

Mtu huyo alikuwa anaingia kwa nyuma, kimya kama mwizi, viatu vinang'aa, kisha anasimama hatua moja kutoka kwenye mkia, mikono mgongoni, anakagua. Hapo ndipo teke linapofika na nguvu zake zote. La kwanza lilimpata pajani. La pili likang'oa vifungo viwili vya koti, likamlaza kwenye samadi.

"Mnyama huyu ana kichaa! Kesho namwita mchinjaji."

Mdogo wangu akaja kwangu analia. Ng'ombe yule alimlea mwenyewe kwa chupa tangu ndama, na maziwa yake ndiyo yanayoendesha nyumba.

Asubuhi nikaenda. Mimi sikusoma sana, lakini nimekamua miaka hamsini, na kila jino nililopoteza aliling'oa daktari.

Mchinjaji alishafika na kamba. Nikamwambia shemeji, "Mwite ungali mbali. Pitia ubavuni akuone. Mshike mgongoni, mkono usiuondoe, umsogelee mpaka mgusane. Hapo hana nafasi ya kurusha mguu. Ukiogopa, kaa mbali kabisa. Hapo katikati unapopapenda wewe ndipo pabaya."

"Shemeji, mimi nizungumze na ng'ombe?"

"Mbona mameneja ulizungumza nao, na hawakukupa hata kikombe cha maziwa?"

Mchinjaji akaangua kicheko. "Jaribu, mzee, tuone!"

Akakohoa. "Habari za asubuhi," kama anayesoma barua ya serikali.

"Kwa sauti ya binadamu," nikamwambia.

"Mama... napita, mama." Akamwekea mkono mgongoni, akausogeza taratibu hadi kiunoni. Ng'ombe akaendelea kutafuna.

Mchinjaji akakunja kamba. "Kichaa kiko wapi? Huyu ni mzima kuliko sisi." Akaenda zake.

Jioni shemeji akakaa barazani, anawasimulia majirani jinsi alivyomtia ng'ombe adabu kwa siku moja. Nikafungua mdomo. Mdogo wangu akanibana mkono. "Dada, nakuomba. Ukimwaibisha, atamrudisha mchinjaji."

Shemeji akaongeza kwamba hata mimi nilikuja kutazama, nijifunze.

Nikanywa chai yangu. Ng'ombe yupo mpaka leo.